Vyoo vya Wageni wa Asubonteng

Nana Afrakoma, mama yetu na mlezi wa kiti cha enzi cha Asubonteng. Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Bwana Donkor, mtaalamu wetu wa mipango ya vijiji. Wafinyanzi wetu, wachungaji, na ninyi vijana mliokuja kwa sababu ya sahani ya fufu: namsalimu kila mtu kwa cheo chake, na asiye na cheo namsalimu mara mbili.

Mbele yenu amesimama Yaw Barima, mtu mwenye bahati kuliko wote kuanzia hapa hadi Kumasi. Nimeendesha lori Abidjan, Niamey na Lagos. Tairi limenipasukia mbele ya tembo, na tembo akanipisha. Kwa hiyo sikushangaa tiketi yangu ya bahati nasibu iliposhinda, na fedha yake ndiyo iliyojenga banda hili la kupumzikia na vyoo hivi tunavyovifungua leo. Darasa la sita lilinishinda, lakini bahati haijawahi kuniuliza cheti. Na wanaouliza lori langu liko wapi, liko gereji.

Ndugu zangu, tulifikaje kwenye vyoo? Zamani sisi ndio tuliokwenda Kumasi. Siku hizi Kumasi inatujia yenyewe, na matofali yake. Wanunuzi wa viwanja walipolitaka bonde letu la udongo, wazee waligawanyika, na Nana akakata shauri: "Wageni wakija kuona vyungu, na wafinyanzi wakala kwa kazi yao, bonde haliuzwi. Wasipokuja kabla ya mvua, sitakuwa na la kuwajibu wenye fedha." Bila udongo ule, Mama Akyiaa na wenzake wangefinyanga nini? Saruji?

Bwana Donkor akatuchorea mpango, na ulikuwa mpango mzuri: lango, njia ya kupita, mahali pa magari, mabenchi, hata mshale wa kuonyesha mshale. Wageni wakaja, wa mjini, wa Accra, na weupe walioiva kwa jua kama nyanya. Nyumba ya kwanza wanacheka. Nyumba ya tatu wamenyamaza. Nyumba ya nne wanatembea mbiombio, wanaingia kwenye basi, wanaondoka, na vyungu vya Mama Akyiaa, ambaye nyumba yake ni ya mwisho, havijaguswa.

Tukasema wana dharau. Mimi nilisema, tena kwa sauti.

"Yaw," Mama Akyiaa akaniambia, "wewe uliyezunguka dunia, watu hawa tumewakosea nini?"

"Hakuna kosa, mama. Watu wa mjini miguu yao ni ya kukodi, wanaogopa kuchelewa kuirudisha."

Hakucheka. "Basi bonde limekwenda," akasema, akaendelea kulainisha chungu ambacho hakuna aliyekiagiza.

Hadi siku Mwalimu Dufie alipoleta wanafunzi wake. Yeye ndiye aliyeinama kwenye sikio la Nana: "Nana, niwie radhi. Kila nyumba tumepewa kiti, tumepewa maji, ndipo tukaulizwa habari za safari. Maji ya mwenyeji hayakataliwi. Sasa tumekunywa nyumba nne. Tunayapeleka wapi?"

Nana alicheka hadi mshika mwavuli wake akacheka. Kisha akageuka. "Donkor, kwenye mpango wako choo kiko wapi?"

"Nana, kipo. Kiko awamu ya tatu."

"Na kibofu cha mgeni kinazijua awamu?"

Wapo waliosema tuache kuwapa maji. Mheshimiwa, utamuulizaje mtu habari zake na koo lake ni kavu? Nana alikataa. Aliona ni rahisi kujenga choo kuliko kuubomoa ukarimu wetu. Lakini wilaya ilisema fungu ni la mwakani, na mvua zilikuwa zinanukia. Ndipo tiketi yangu iliposhinda.

Wiki iliyopita, kabla hata ya utepe huu kukatwa, wageni walivitumia vyoo, wakafika nyumba ya mwisho, wakakaa. Mama Akyiaa aliuza vyungu vyote, hata kile alichokuwa akisagia pilipili. "Yaw," akaniambia, "wamekaa mpaka nimewachoka." Na jana Nana amewajibu wanunuzi wa viwanja: bonde haliuzwi.

Bwana Donkor, nimekutania, lakini njia uliyoichora ndiyo tunayopita. Utakapokwenda kukipangia kijiji kingine kinachomezwa na mji, usianze na lango. Kaa, unywe maji nyumba zote, kisha mwili wako utakuambia kinachopungua.

Nawashukuru kwa masikio yenu, na ningependa niketi hapo. Lakini tangu nianze kujisifu, kibanda cha bahati nasibu pale njia panda kimejaa vijana wetu. Leo asubuhi nimemkuta katekista kwenye foleni. Na sasa hivi, kabla sijasimama, Mama Akyiaa ameninong'oneza nimchagulie namba, anunue tiketi kwa fedha ya vyungu.

Mama, usinunue. Nilijua ningesema kweli mngenikatalia. Sikushinda kitu, maishani mwangu sijashinda hata kuku. Na lori haliko gereji. Nililiuza.