Pande Mbili za Kitambaa cha Sinema

Sogeeni, wanangu, mnisikilize. Ruti, niinulie mto kidogo, halafu ukae hapa miguuni pangu, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kuchezea. Rabson, najua umesimama mlangoni kwa sababu mdogo wako amekaa dirishani, na wewe Ipyana najua unaikodolea macho mibuni huko nje kana kwamba leo ndiyo umeiona. Kaeni hivyo hivyo. Sitawaambia msogeleane. Nipeni masikio tu mpaka nimalize.

Mali yangu haina mambo mengi. Shamba aliligawa baba yenu akiwa hai, na mipaka mnaijua. Nyumba hii ni ya Ruti, aliyerudi Isansa kuniuguza wakati nyie wawili mkipishana kama wezi ili msikutane kitandani kwangu. Ng'ombe mchinjeni msibani, naye amezeeka kama mimi, mvumilieni nyama yake ngumu. Kilichobaki kimo ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda hiki: mashine ya sinema ya baba yenu, mkanda mmoja uliosalimika, na kitambaa cheupe cha marekani. Ruti, juzi nilikusikia ukimnong'oneza Marta wa jirani kwamba kitambaa kile kingefaa kutandikwa ndani ya jeneza langu. Mwanangu, nakupenda, lakini ukikigusa kwa kazi hiyo nitafufuka kabla ya wenzangu.

Hamjui kitambaa kile ni nini. Nilipoolewa hapa, ukoo wa baba yenu walikuwa wamehamia kutoka Ileje na Undali wao wote mgongoni, na kwa Wandali wa siku zile mkamwana hakuonana na baba mkwe wake. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima. Nikisikia kikohozi chake njiani, najitosa kwenye mibuni na mzigo wangu wa kuni. Yeye naye akiniona kwa mbali anageukia pembeni, anajifanya anatafuta fimbo. Kula mbele yake ulikuwa mwiko, na kucheka mbele yake, Mungu apishie mbali. Niliishi miaka katika boma la mtu nisiyejua sura yake. Nilijua kikohozi chake, nilijua mlio wa nyayo zake, na koti lake nililiona likiwa kwenye kamba.

Ndipo baba yenu, Yonathani, akarudi siku moja na mashine ile juu ya baiskeli, ameinunua kwa mmisionari aliyekuwa anarudi kwao. Isansa nzima ikasema kijana wa watu kachanganyikiwa. Mimi nikaunganisha vipande viwili vya marekani kwa sindano ya mkono, akaviwamba ukutani, wazee wakakaa mbele na baba mkwe katikati yao. Sisi wakamwana tukabaki jikoni na moshi wetu, tunasikia wanaume wanavyopiga makofi. Baba yenu alikuja akasimama mlangoni, akatutazama. Jumamosi iliyofuata hakukiwamba ukutani. Alichimbia nguzo mbili katikati ya uwanja, akakitundika kitambaa hapo, kisha akatuita: njooni nyuma.

Wanangu, nawaambia, nimeona mengi, lakini bado nashangaa kama siku ile. Giza lilikuwa linaingia, jenereta ya kuendeshea mashine ikakohoa, na mwanga ukapita ndani ya kitambaa nilichokishona mimi mwenyewe, ukaja na mtu. Mhudumu wa hoteli, mwembamba, amebeba rundo la sahani lirefu kuliko yeye. Picha zile zilikuwa hazisemi, na hazikuhitaji. Anateleza, sahani zinapepesuka, anazifuata mbio. Zinalalia huku, anajikunja kuzidaka. Mbwa anampita miguuni, anaruka. Mpaka anazifikisha mezani zote nzima, anajifuta jasho, anajiegemeza kwenye meza kupumzika, na meza inavunjika. Sisi tukamwita Bwana Sahani. Mtu yule huenda alishakufa kabla sijazaliwa, hakuwahi kusikia jina la Isansa, lakini alianguka kwa ajili yetu kama aliyetumwa.

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Katikati ya kucheka nikasikia upande wa pili kicheko chembamba, cha kukatikakatika, kama cha mtoto anayetekenywa. Nikamuuliza wifi yangu, nani huyo? Akaniambia, baba. Nilikuwa nacheka na baba mkwe wangu! Kati yetu kuna kitambaa tu, hatuonani, mwiko umekaa mahali pake na heshima yake haikuguswa, na sote wawili tunalia kwa kumcheka mtu mmoja na sahani zake. Tangu siku ile kikohozi chake njiani hakikunitisha tena, kwa sababu nilikuwa namjua.

Na kesho yake kukawa na mabishano. Wanaume wanasema Bwana Sahani alibeba kwa mkono wa kulia. Sisi tuliokaa nyuma tunaapa ni wa kushoto. Watu walibishana kwenye mashine ya kukobolea kahawa, mume na mkewe wakanuniana, hata mzee wa kanisa akaulizwa. Baba yenu alijua kwamba ukiitazama kwa nyuma ya kitambaa picha hugeuka, na alinyamaza makusudi, mjanja yule, maana kila upande ulirudi Jumamosi kuhakikisha, na kila upande ulikuta umesema kweli.

Siku hizi wajukuu wangu wanacheka na simu. Namwona Witness ameziba masikio na nyaya zake, anatikisika mabega peke yake pembeni; nikimuuliza unacheka nini, ananijibu, bibi, hutaelewa. Sisemi vichekesho vyao vibaya. Nasema sisi tulichekeshwa boma zima kwa pigo moja, na ukiwa umecheka na mtu namna ile, ni kazi kubwa kumchukia.

Sasa niwafikie nyie. Rabson, siku baba yenu alipofariki ulikwama Tunduma kwenye foleni ya malori, ukafika kaburi limeshafunikwa, na hujamsamehe mdogo wako kwa kukuzikia baba ukiwa njiani. Ipyana, ulikaa na maiti peke yako, wazee wanakuhimiza uzike, simu ya kaka yako haipatikani, na hujamsamehe kwa kukuachia mzigo ule. Nimewasikiliza kila mtu kwa wakati wake. Hakuna aliyenidanganya.

Basi nagawa. Mashine ni yako, Rabson. Kitambaa ni chako, Ipyana. Mkanda, ule wa Bwana Sahani, ni wa Ruti. Asiuze mtu, asiazime mtu. Mwenye mashine bila kitambaa ataangaza ukuta wa choo, na mwenye kitambaa bila mashine ana shuka tu lenye mshono katikati. Siku ya kuanua matanga, chimbieni nguzo mbili pale pale uwanjani. Rabson akae mbele na watu wake, Ipyana akae nyuma na wake. Msiangaliane. Sijawaomba msameheane, hilo ni kati yenu na Mungu. Nawaomba mcheke.

Maji, Ruti... Inatosha. Mungu awalinde, awape watoto wenu wepesi wa moyo, boma hili lisikose sauti. Nawabariki wote watatu, mkono wangu... mmoja wenu aniwekee kichwa chake hapa, sioni vizuri.

Rabson, ulikuwa ukikaa mapajani kwa babu yako. Alibeba kwa mkono gani?

Kulia. Eeh. Na wewe Ipyana, niliyekubeba mgongoni kule nyuma?

Kushoto, anasema. Na kaka yako anabisha... Bishaneni, wanangu. Tangu tumzike baba yenu sijawasikia mkijibizana chumba kimoja. Semeni tena, nimefumba macho tu, nasikia.

Nani huyo anacheka? Kicheko kile kile chembamba cha babu yenu, kinakatikakatika... Usiniambie, Ruti. Cheka tena, mwanangu, yeyote uliye. Cheka tena.