Shingo Iko ya Nani?

Mama Joyeuse alipanda basi la Kapata kwenda kupasuliwa uvimbe wa shingo, ingawa daktari alidai kwanza sahihi ya bwana yake, naye bwana yuko mbali kule Sandoa. Kumbe Stany, aliyekaa kando yake, alikuwa akizunguka na karatasi za maswali za kuwapima madaktari, hata wa hospitali ileile, kama wanajua haki za mgonjwa.

"Tata, hii shingo iko ya nani?"

"Iko yako, mama. Unajisainia mwenyewe."

"Na munganga wangu, ule daktari wa shingo, alikuandikia nini?"

"Ile iko siri."

"Basi kama alikosa, cheka tu."

Stany akauma midomo, lakini tumbo lake likatikisika. Basi zima likaangua kicheko.

"Mi sikusema kitu!"

"Tumbo yako imesema!"

Mbele ya hospitali basi likasimama. Mama Joyeuse akamchomoa Stany kalamu mfukoni, akashuka.