Nilimusindikiza Mugeni wa Baridi

Ba mama, ba papa, watu wa Mungu wa Ngungu, nawasalimu wote, na wale muliosimama inje ya kanisa kwa kukosa nafasi. Nimeombwa niseme kidogo. Wanaonijua wameanza kucheka, sababu wanajua mimi na hiyo "kidogo" hatujaonana bado. Leo nitajaribu. Habari hii, hata mimi mwenyewe nikiisema, nywele za mikono zinasimama.

Munakumbuka ile miaka ya vita ya Wazungu, wanaume wengi wa hapa waliteremuka Walikale kutafuta kazi. Nami nilienda. Nilikuwa kantonye, kazi ya kufyeka na kutengeneza barabara mu pori. Bibi yangu alinifuata na mutoto wetu wa kike, alikuwa ameanza tu kusema. Jameni, mvua ya kule! Sisi hapa Masisi tunanyeshewa, sikatai. Lakini kule mvua njo mwenye nyumba, wewe ni mupangaji. Nilivua shati asubuhi, jioni uyoga umeota kwenye koli, pale shingoni. Munacheka? Muulizeni bibi yangu, yuko pale nyuma. Njo yeye aliupika.

Jirani yetu alikuwa mama mumoja mujane, muntu wa pori tangu kuzaliwa, mukali wa mudomo. Kanisani alikuwa wa kwanza kufika, lakini mambo ya wazee wake hakuyatupa. Njo aliyetuambia.

"Kuna muntu anapitaka huku," alisema. "Murefu. Miguu yake iko na maji hata jua likiwaka. Akiingia, mumupe nafasi kwa moto. Musimuulize jina. Hatakula. Atatoka mwenyewe. Nyumba aliyokaa, mitego inanasa, mugonjwa anapona, chui anapita mbali."

"Ni muntu ao ni pepo, mama?"

"Ni mwenye baridi. Basi."

Nilicheka. Ndugu zangu, nawaambia, kicheko kile kilinitokea puani mwaka uleule. Mutoto wetu alishikwa na homa. Mito ilikuwa imejaa, daraja limebebwa, hospitali iko mbali sana. Mama yake alikuwa ameacha kulia, na munajua mwanamuke akiacha kulia maana yake ni nini.

Ilikuwa muchana, mvua inanyesha. Mulango ukawa mweusi. Muntu aliinama, akaingia, akakaa. Alinyoosha mikono juu ya makaa, karibu aiingize ndani, na bado alitetemeka. Moto wenyewe ulikuwa unamuelekea kama majani yanavyoelekea jua. Alimutazama mutoto mara moja tu. Mutoto akapiga chafya, akasema, "Maji." Yule akasimama, akatoka.

Sasa, nyinyi ni watu wa milima kama mimi. Mugeni amefanya mema nyumbani kwako, anaondoka, utabaki umekaa? Hapa tunamusindikiza mupaka kilima kingine, naye anakurudisha, nawe unamusindikiza tena, mupaka hakuna anayejua nani njo mugeni na nani njo mwenyeji. Nikatoka nyuma yake.

Jirani alipiga kelele mulangoni kwake: "Papa! Yule hasindikizwake! Rudi!"

Nikamujibu kwa heshima: "Mama, kwetu hatukulelewa hivyo."

Tulipofika miti mikubwa, mugeni alisema bila kugeuka: "Rudi."

"Bado kidogo tu, papa."

Akasimama. Akanitazama kwa huruma, vile unamutazama muntu aliyebeba muzigo wako bila kujua uzito wake. Kisha hapakuwa na muntu. Mimi peke yangu, na miguu yangu imejaa maji.

Nilirudi na baridi. Nikakaa kwa moto, sikusikia kitu. Nikasogea mupaka suruali ikaungua, bibi yangu njo aliyenusa. Kutoka siku ile sikuweza kutulia. Niliacha kazi, nikawa wa kutembea na kukaa kwenye mioto ya watu. Na kila nilipokaa, heri iliingia! Muwindaji mumoja alikuwa amerudi mikono mitupu musimu muzima; nilipotoka kwake alipata nguruwe wa pori mukubwa kama kanisa hili, toeni tu kengele. Mwanamuke aliyeshindwa kujifungua alijifungua. Watu wakaanza kunipangusia kiti. Wakaacha kuniita jina. Chakula nilikisukuma pembeni. Na nyumbani kwangu paa linavuja, mihogo imekuwa ya nyani.

Siku moja niliingia kwangu, nikakaa. Mutoto wangu akaniangalia, akamuuliza mama yake polepole: "Mama, huyu mugeni anatoka wapi?"

Bibi yangu alisukuma kuni, akaniambia, "Karibu, papa." Aliniogopa. Nami, ndugu zangu, sikuona ajabu. Nilikuwa tayari nafikiri nitoke.

Njo jirani akaingia bila kubisha. Hakunitazama, alimushika bibi yangu mukono. "Unamupa kiti, unamunyamazia! Mugeni hatukanwake. Huyu ni wako. Mugombeze!"

Bibi yangu munamujua, mbele ya watu sauti yake haizimi hata mushumaa. Akaanza polepole: "Wewe... mwanaume gani wewe?" Kisha mudomo ukafunguka. "Nyumba inavuja, uko unaota moto ya wengine! Mutoto wako hakujui! Na hiyo miguu, nani atapangusa hapa? Mimi? Simama, kamata panga, ukate majani ya paa!" Aligombeza mupaka mvua ikanyamaza isikilize.

Nikasikia kitu masikioni. Moto. Masikio yalikuwa yanaungua kwa haya! Kisha shingo, kisha kifua. Nikajibu: "Na wewe mwanamuke, sombe yako ya jana ilikuwa na chumvi mingi!"

"Jana ya wapi? Kwangu umekula lini?"

"Basi nipe nile!"

Nikala. Niliungua ulimi, nikalia kama mutoto. Miguu ilikauka nikiwa nakata majani ya paa.

Namushukuru Mungu. Namushukuru mama yule wa pori, Mungu amulinde kule aliko. Namushukuru bibi yangu, ambaye tangu siku ile hajapumuzika kunigombeza, na mimi nashiba. Ninaomba kitu kimoja: akirudi kwenu muntu aliyetoka mbali, kwenye kifungo, kwenye migodi, kwenye kilio, musimupe kiti tu na kumunyamazia. Mumupe kazi. Mumuulize alikuwa wapi. Heshima nyingine inamufukuza muntu nyumbani kwake.

Yule mugeni wa baridi bado anatembea. Sitamusema vibaya, mutoto wangu yuko hai kwa ajili yake. Juzi mama mumoja kati yenu alimuona katika ukungu, kando ya shamba la viazi. Mama huyu hakujua ni nani. Akamupigia kelele: "Wewe! Unakanyaga viazi vyangu na miguu hiyo, mama yako hakukufundisha?" Anasema yule muntu alitazama miguu yake, akacheka kidogo, akabaki amesimama kama anangoja mama aendelee kumugombeza.

Mama, nakuomba. Akirudi, endelea.