Droo za Mbezi Beach na Maisha ya Fundi Audax Rweyongeza

Baba Paroko, ndugu zetu mliosafiri kutoka Muleba, majirani wa Tandika na Mtoni, mafundi wa Keko mliofunga karakana zenu leo Jumamosi, Tumsifu Yesu Kristo, na ndugu zetu Waislamu mliokaa nasi chini ya turubai hili tangu msiba ulipoingia, asalaam alaykum, na wakubwa wote shikamooni. Mimi naitwa Auleria, ni mdogo wake marehemu, tumefuatana kuzaliwa, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, hata pale ambapo baadhi yenu mtatamani ninyamaze.

Audax Rweyongeza alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, Kamachumu, wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera, akiwa mtoto wa pili katika familia yetu, baada ya kaka yetu mkubwa Kornelio, ambaye ndiye mwenyekiti wa msiba huu na amekaa hapa mbele. Alibatizwa mwaka huohuo katika parokia ya nyumbani, na mama alikuwa akisema alilia ubatizo mzima, akanyamaza alipolazwa kwenye benchi la mbao. Sijui kama ni kweli, mama alipenda kuongeza chumvi, lakini yeye Audax alilipenda sana hilo.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1983 hadi 1989, kisha akajiunga na mafunzo ya useremala ya misheni, akamaliza mwaka 1992. Ni katika miaka hiyo alipotengeneza kigoda cha kwanza, akampa mama zawadi ya Pasaka, na kichwa cha msumari kilichojitokeza kikamchana mama kitenge chake kipya asubuhi ileile ya kwenda kanisani. Mama alicheka, baba hakucheka, na Audax aliona aibu kubwa kuliko kosa lenyewe, akaapa kwamba hakuna mtu atakayeona tena msumari wala skrubu katika kazi yake. Wengi wenu mna makabati yake majumbani, na mnajua kwamba kiapo hicho alikishika.

Mwaka 1993 alikuja Dar es Salaam, akapokelewa na mafundi wa Keko, na hapo ndipo alipokutana na Khalfani, mwenyeji wa Mtoni, mtoto wa Bi Mwanakombo aliyekuwa akiuza vitumbua karibu na msikiti. Audax alikula vitumbua hivyo kwa muda mrefu bila kuulizwa ametoka wapi, Krismasi alikula kwao, Idi alikula kwao, mpaka sisi wa nyumbani tulipopata picha tukaona ametakata na kunenepa tukajua kaka yetu amepata mama wa pili. Mwaka 1999 wawili hao walifungua karakana yao hapa Tandika, na tarehe 6 Oktoba 2001 Audax alipofunga ndoa na shemeji yetu Tupokigwe, aliyesimama nje ya kanisa akiwa ameshika koti la bwana harusi ni Khalfani. Mungu akawajalia watoto wawili, Erasmus aliyezaliwa mwaka 2003 na Adelina aliyezaliwa mwaka 2008.

Hapa ndipo karatasi iliyopitishwa na kikao cha familia inaporuka kutoka mwaka 2008 hadi mwaka 2024 kwenye ugonjwa. Kaka Kornelio, nakuheshimu, ulisema msibani si mahali pa kufungua mambo ya karakana, na kwamba sasa wewe ndiye unayeisimamia na wateja wana masikio, nimekusikia. Lakini marehemu aliniagiza, na mimi nilimwahidi akiwa ameshika mkono wangu, kwa hiyo sehemu iliyoondolewa nimeirudisha, na nitaisoma.

Ili wote tuelewane, naomba niwaeleze kidogo kazi yenyewe. Droo za jikoni za siku hizi zina reli za chuma pande mbili, na reli hizo zinashikana na uso wa droo, yaani ule ubao wa mbele tunaouona, kwa kipande kidogo cha chuma kinachoitwa klipu. Fundi anatoboa matundu kwenye mgongo wa ule ubao, anasukumia klipu ndani, meno yake yanauma mbao, kisha reli inaingia kwenye klipu na kukazwa kwa bisibisi, na kwa nje hakionekani kitu. Kwa Audax hiyo ilikuwa furaha tupu, na kwa kutoboa na kubana klipu hakumwamini mtu mwingine zaidi ya Khalfani, wakati kupaka vanishi ilikuwa kazi ya Audax peke yake, hata kibandani kwake hakuna aliyeruhusiwa kuingia. Kabla ya vanishi, mpakaji lazima ayazibe yale matundu kwa karatasi za gazeti zilizoviringishwa, azitoe rangi ikikauka, kwa sababu vanishi ikiingia humo inakaukia ndani, na klipu ikija kubanwa, meno yanauma vanishi badala ya kuuma mbao. Mkono wa fundi hausikii tofauti yoyote, unasikia kitu kimekaza vizuri.

Mwezi Agosti mwaka 2014 walipata kazi ya jiko zima katika nyumba moja Mbezi Beach, kazi kubwa kuliko zote walizowahi kupata, na mwenye nyumba alitaka ikamilike kabla ya harusi ya binti yake. Walikimbizana, wakakabidhi, wakapigwa picha mbele ya makabati. Siku ya tatu baada ya harusi, dada wa kazi wa nyumba ile, anaitwa Raudha, alivuta droo ya chini iliyojaa masufuria, uso wa droo ukabaki mkononi mwake na droo nzima ikamshukia mguuni, mguu ukavunjika. Mwenye nyumba alikuja karakana na polisi, watu wa mtaa mzima wakajaa, mnakumbuka, wengi wenu mlikuwepo.

Desturi ya karakana ile ilikuwa kwamba aliyeshika kazi mwisho ndiye anayeijibia, na hakuna anayekagua mkono wa mwenzake, walikuwa wanaona kukaguana ni kutoaminiana. Aliyeshika mwisho alikuwa Khalfani. Polisi walipouliza nani alifunga nyuso za droo, Audax alinyoosha kidole mbele ya watu wote, na Khalfani akasema maneno ambayo nayasema kama yalivyosemwa: "Mie klipu nimebana, na mkono wangu naujua. Fungua mbao uangalie ndani, Audax."

Audax hakufungua. Alikuwa na hasira, alikuwa na hofu ya kufungiwa karakana, na zaidi ya yote aliamini kabisa kwamba mwenzake amezembea. Khalfani alichukuliwa, akalala mahabusu, kesi ikaenda na kurudi mpaka ikafa yenyewe, lakini Keko nzima ikawa imeshamwita fundi wa droo za kuua, na hakuna aliyempa tena kazi ya kabati. Alihamia Kunduchi, akawa anapigilia misumari meza za wauza samaki, mtu aliyekuwa na mkono ule. Bi Mwanakombo alifariki mwaka 2019 bado akiulizwa na wateja wa vitumbua kuhusu kesi ya mwanawe, na kaka yangu alikwenda kuzika, akasimama nyuma, akaondoka bila kumpa mkono mfiwa. Hilo linaniuma mimi mpaka leo, kwa sababu vile vitumbua ndivyo vilivyomlea.

Mwaka 2022 mwenye nyumba ile ya Mbezi Beach alibadilisha jiko, na makabati ya zamani yakauzwa kama mbao chakavu, yakazunguka yakaishia kwa fundi mmoja hapa Tandika, na Audax akaitambua kazi yake akipita njia. Aliinunua droo moja. Aliipeleka kibandani kwake, akaufungua ule uso, akang'oa klipu, na ndani ya tundu akakuta vanishi imekauka inang'aa, safi, kama upande wa nje. Akang'oa ya pili, hivyohivyo. Katika haraka ya ile harusi hakuwa ameyaziba matundu, na hakuna mtu mwingine aliyeshika brashi katika karakana ile isipokuwa yeye.

Tangu siku hiyo kaka yangu hakuwa mtu yuleyule. Alianza kwenda Kunduchi, anamwangalia Khalfani kwa mbali akipigilia misumari, ananunua samaki, anarudi nyumbani, na shemeji Tupokigwe aliwakaanga samaki wale huku akijiuliza mtu wa Tandika anafuata nini Kunduchi wakati soko la samaki la Feri liko karibu. Mara moja tu alifika hadi mezani kwake, wakatazamana, Audax akauliza bei ya meza. Mimi aliponisimulia nilimwambia ukweli, kwamba yeye ni mwoga.

Mwezi Februari mwaka 2024 alianza kuvimba miguu, vipimo vikaonesha figo zote mbili zimechoka, akaanza kusafishwa damu, na akawa anakwenda na kurudi hospitali huku akiendelea kuingia karakana siku alizopata nguvu. Mwezi Mei mwaka huu alizidiwa, akalazwa, na akiwa wodini aliniomba nimpigie Khalfani simu, nimwambie kila kitu, na nimwombe aje. Nilimpigia. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akajibu: "Mie sina ugomvi na mgonjwa, sista. Ila alinitaja mbele za watu. Basi na anitoe lawama mbele za watu." Nilirudi kitandani nikampa jibu hilo neno kwa neno, nikidhani litamvunja moyo, kumbe alipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo, akasema Khalfani yuko sawa. Alipanga akipata nafuu aitishe mafundi wote pale karakana aseme mwenyewe, na nafuu haikuja. Siku mbili kabla ya kufariki alinishika mkono akasema: "Auleria, siku ya kunizika usiwaambie watu nilikuwa mwema. Waambie matundu sikuyaziba."

Alifariki Jumanne, tarehe 17 Juni 2025, asubuhi, shemeji Tupokigwe akiwa pembeni yake. Ameacha mjane, watoto wawili, ndugu, na karakana.

Basi nawaambia, mbele ya Baba Paroko na mbele ya mtaa huuhuu uliojaa siku ile. Matundu hakuyaziba. Klipu zilibanwa sawasawa, na aliyezibana hakuwa na kosa lolote, wala la mkono wala la uzembe. Mafundi wa Keko mliolitumia lile jina la droo za kuua, naomba mliache hapahapa, msitoke nalo nje ya turubai hili. Na wewe Raudha, ambaye nimeambiwa bado unachechemea, Audax alikutafuta akakukosa, tutaendelea kukutafuta, kwa sababu wewe ndiye uliyelipa kwa mwili wako.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha damu kwa subira hata siku alizokuwa mkali kwao, majirani waliopika, waliochota maji na waliotuazima viti, jumuiya yetu ndogo ndogo, mafundi wenzake, na waliotangulia Kimbiji tangu alfajiri kuchimba kaburi katika kiwanja chake. Barabara ya huko mnaijua, kwa hiyo sitawachelewesha, lakini bado kuna jambo moja.

Jeneza hili limetengenezwa karakana kwake, kwa mninga aliouchagua mwenyewe, na alitaka lifungwe kama alivyofunga kazi zake zote, bila msumari wala skrubu ya kuonekana. Matundu ya klipu yametobolewa upande wa ndani wa kifuniko, klipu zenyewe hazijabanwa. Kaka Kornelio alileta misumari jana, nikaificha, anisamehe. Kifuniko kilipopakwa vanishi nilisimama hapohapo, na yale matundu niliyaziba mimi kwa mikono yangu, kwa gazeti, na karatasi bado zimo.

Khalfani, nimekuona tangu asubuhi umekaa kule getini, hukuingia ndani na hukuondoka. Kaka yangu hakufungua mbao ulipomwambia afungue. Njoo wewe uzitoe zile karatasi, uangalie ndani ya kila tundu kwanza, mbele ya watu wote hawa, na ukiridhika, umfunge mwenzako. Usiporidhika, sema, tutangoja.

Naona amesimama. Kaka Kornelio naye amesimama, anampelekea bisibisi. Jamani, mpisheni njia.

Audax, amani uliyoitafuta kule Kunduchi ndiyo hii inakuja, pumzika nayo.