Mama Edmund na Magodoro ya Mlangoni

Tarehe 30 Juni 1980, baada ya miaka kumi na tisa kazini, Bi. Paskalia Nikolao, ambaye sote twamwita Mama Edmund, anastaafu umatroni wa bweni letu la wasichana hapa Newala. Alifika mwaka wa Uhuru akitokea Lupaso, na sauti yake ikaifanya kengele ya shule ikose kazi.

Wakati wa vita vya Msumbiji tulichimba mahandaki. Ndege ikisikika, Mama Edmund ndiye aliyeamuru wasichana watangulie, na ndiye aliyetangulia.

Mwaka 1973 akaja Stamili, binti wa Kitangari. Lori la korosho likikohoa tu barabarani, yeye yuko handakini anatetemeka. Kesho yake haamki, hali, haogi, anasema hana faida kwa mtu. Mwalimu mkuu alitaka kujua jambo moja: ni mwoga au mvivu? Hali isipobadilika, mwisho wa muhula angerudishwa kwao.

Mama Edmund, mpenda utaratibu, alikwisha kuligawa bweni: wenye hofu dirishani, karibu na handaki, wenye huzuni ukutani, wasisumbuliwe. Godoro la Stamili likawa linahamishwa kila kukicha, na mbebaji ni matroni mwenyewe, akilalamika kuwa mtoto huyu hajui anaumwa nini. Kiuno kilipogoma, akalibwaga katikati, mbele ya mlango. Muda si muda magodoro mengine yakalifuata. Wenyewe walisema nao ni wa pande zote mbili. Ikabidi sisi walimu turuke magodoro ili tuingie.

Hapo Mama Edmund akaelewa. Alimwendea mwalimu mkuu mbio, kanga ikimvuka, akamweleza kwamba hofu na huzuni ni wageni wa safari moja: huyu akipiga hodi, mwenzake yuko nyuma na mkeka. Binti anaumwa, na haondoki. Mwalimu mkuu alikubali hoja, ingawa nadhani sauti nayo ilisaidia.

Nafuu haikuja kwa siku moja. Mama Edmund alimlaza chumbani kwake, akamwamsha, akateremka naye bondeni kuteka maji, wakiketi njiani kila binti alipochoka. Tulimpenda sana kwa hilo.

Stamili ndiye anayepokea kazi yake. Ijumaa iliyopita aliwaambia wasichana kwamba asubuhi nyingine hofu na huzuni bado humjia pamoja, akauliza nani mwenzake. Mkono mmoja ukanyooka, ukafuatwa na mwingine, na Mama Edmund akainua wake.

Asante, Mama Edmund. Nenda Lupaso kwa heri, na siku zako ziwe nyepesi.