Mtutu wa Mama Shabaha

Benchi la mbele ya duka la kinyozi lilikuwa na wenyewe: Kinyozi, Bomba fundi wa mabomba, na Sajini, mwanajeshi mstaafu ambaye, kwa maneno yake, hajawahi kukosea. Asubuhi hiyo, mlango wa pili, fundi cherehani waliyemwita Mama Shabaha alikuwa ameilaza bunduki yake kwenye meza ya kukatia vitambaa, haina risasi, komeo la nyuma ya mtutu limetolewa. Ni ile ya risasi ndogo, ya kutobolea karatasi kwenye mashindano ya kulenga shabaha. Mchana kulikuwa na mchujo wa timu. Mwaka jana alimwachia Sajini, shemeji yake, amsugulie mtutu. Risasi zikatawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe, akaachwa nje ya timu. Mama Shabaha hakulala vizuri wiki nzima.

Sajini akanyanyuka na kikombe cha kahawa mkono mmoja, brashi ya waya mkono wa pili.

— Lete nikusafishie, shemeji.

— Haiguswi.

— Haiguswi? Jeshini tulisugua mpaka unajiona uso humo ndani!

— Hapa sitafuti uso, natafuta shabaha.

Bomba akadakia:

— Brashi haitoshi. Mwaga maji ya moto na magadi. Mabomba yote ni ndugu.

— Wapi! akasema Kinyozi. Risasi ikipita kwenye uchafu inakasirika, ikikasirika inapinda. Paka mafuta ya nywele, iteleze.

— Risasi ina nywele?

— Ina kichwa!

Benchi zima likaangua kicheko. Mama Shabaha hakucheka. Alipitisha uzi wenye kitambaa kikavu ndani ya mtutu kutokea nyuma, akauvuta taratibu ukatokea kwenye mdomo wa bunduki.

— Nisikilizeni. Risasi hizi ni laini, zimepakwa nta. Nta inaacha utando humu ndani, na utando huo ndio unaofanya kila risasi ipite kama nyingine. Mkiukwangua, naanza upya. Nasafisha hapa nyuma tu inapokaa risasi, masizi yanapoganda. Na chuma hakigusi huku mdomoni. Pakikwaruzika, nimekwisha.

— Mtutu mchafu ni aibu mbele ya majaji!

— Majaji wanaangalia karatasi, Sajini. Aibu nitaibeba mwenyewe.

Mteja aliyefuata suruali yake alikuwa amesimama mlangoni, hamjui yeyote.

— Samahani, akauliza, kwani hiyo bunduki ina ubaya gani?

Bomba akamtazama Kinyozi. Kinyozi akamtazama Sajini. Sajini akanywa kahawa kutoka kwenye kikombe kitupu.

Mama Shabaha akampa mteja suruali yake, akafunga bunduki kwenye mkoba, akaondoka bila kuaga.

Alirudi jioni, uso umechoka, macho yanawaka.

— Umeingia kwenye timu? Sajini akauliza kwa sauti ndogo.

— Nimeingia.

Sajini akaruka juu, akampigia saluti, machozi yanamlengalenga.

— Hongera, shemeji! Haya, sasa lete tuisugue.

— Kaa chini.

Akakaa.