Mashine ya Moyo Isifungiwe Kabatini

Mgeni rasmi, Daktari Philister, wazee wetu, mabibi na mabwana: karibu sana mtaani kwetu Shika Adabu, hapa Likoni. Viti vimejaa, na waliosimama wanasukumana kistaarabu kwa heshima yako.

HISTORIA
Sisi ni kikundi cha chakacha, ngoma ya kukata viuno, na kazi yetu ni kuchangamsha harusi. Mwaka jana mwenzetu Waridi alikwenda kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza. Alifuata biriani, wallahi, akarudi na elimu.

MAFANIKIO
Harusini kwa jirani yetu Jalila, Mzee Mwinyihaji aliingia uwanja wa wanawake, akakata kiuno, akaanguka pu! Sisi, kwa mazoea yetu, tukajua kapandwa na pepo. Matano, mpiga ngoma wetu, akazidisha mdundo. Mwenzetu Bi Kahaso akainama kumhoji pepo: "Haya sema, wataka nini? Halua? Marashi?"

Pepo kimya.

Waridi akajipenyeza, akamtikisa Mzee, akamwekea shavu puani. "Nyie, huyu hapumui! Iteni ambulensi!" Akapiga magoti, akaweka viganja katikati ya kifua, akabonyeza kwa nguvu na kwa haraka.

Mke wa Mzee akaruka: "We Waridi! Wamponda mume wangu mbele za watu?"

"Bi mkubwa, nikiacha utakaa eda!"

Mikono ikaanza kumlegea. "Matano, usinyamaze! Chakacha, ile ya kasi!" Tukapokezana kubonyeza kwa mdundo huo, hadi ambulensi ikafika na mashine, ikaushtua moyo, ukarudi kazini. Leo Mzee ameketi mstari wa mbele. Anadai alikuwa amejipumzisha tu, na kwamba tulimvunja mbavu.

CHANGAMOTO
Madaktari wamesema moyo wake waweza kusimama tena. Nasi tumesikia mashine kama ile, uliyotuletea leo, itafungiwa kabatini ofisini kwa chifu. Mwenye ufunguo ni mtu mwema, lakini jioni hapatikani, na Ijumaa tusiseme. Waridi alipomuuliza alijibiwa, "Mama, mali ya umma haichezewi." Tangu hapo halali vizuri. Yeye ndiye aliyemgusa Mzee akiwa hana pumzi.

OMBI
Mashine ikae barazani kwa Waridi. Pale watu hawakosekani, maana umbea hauna likizo. Mwizi akiigusa, kabla hajafika barabarani Likoni nzima itajua alivaa nini. Na sote tufundishwe kuitumia.

Tafadhali, daktari, utujibu kabla ngoma ya kukukaribisha haijaanza. Mzee Mwinyihaji ameshavua koti.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi, wewe na moyo wako.

Ni sisi,
Kikundi cha Chakacha cha Raha Tupu, Shika Adabu.